ASKOFU ALEXANDER MUGE NA SAFARI YAKE YA BUSIA



Vijana wetu wameuliza mara nyingi kwenye vikundi kama Mkristo anaruhusiwa kutoka na kusimama pamoja na wenzake kupinga jambo baya la serikali au la chama. Wazee wengi hujibu upesi kwamba siasa ndiyo iliyotutoa makwetu, kwa hiyo tukae nayo mbali. Jibu hilo lina uchungu wa kweli ndani yake na hatulidharau. Lakini tumeona vema mara hii tusome maisha ya mtumishi mmoja wa Mungu ambaye jina lake linajulikana Kenya nzima, na ambaye safari yake ya mwisho ilikuwa ya kwenda Busia, mji ambao wengine wetu tuliuvuka kwa miguu tukiwa na watoto mgongoni.

Alexander Kipsang Muge alikuwa Mnandi wa Bonde la Ufa. Kabla ya kuwa mchungaji alikuwa askari wa GSU. Wale wanaotoka Kenya wanajua GSU ni nini. Ni kikosi cha polisi kinachoitwa pale umati unapotakiwa kutawanywa. Basi mtu huyu hakuwa mgeni wa rungu na ngao. Alijua serikali inavyofikiri inapoona watu wamekusanyika, na alijua askari wa kawaida hupewa amri asiyoitunga yeye. Pengine ndiyo sababu baadaye, alipokuwa akisema na wakubwa, hakutetemeka kama wengine. Alikuwa ameiona nguvu yao kutoka ndani.

Aliiacha kazi hiyo akaingia katika huduma ya Kanisa la Anglikana, ambalo wakati ule Kenya liliitwa CPK. Alisoma theolojia Uingereza, akahudumu katika kanisa kuu la Watakatifu Wote Nairobi, na mwaka 1983, dayosisi mpya ya Eldoret ilipoundwa, akawa askofu wake wa kwanza. Dayosisi hiyo ilikuwa kubwa sana. Ilifika hadi Pokoti Magharibi na Turkana, mahali ambapo mvua ikikosekana mwaka mmoja watu na mifugo huanza kuanguka.

Na hapo ndipo ugomvi wake na wakubwa ulipopata mizizi. Hakuanza na mambo makubwa ya katiba. Alianza na njaa. Alisema hadharani kwamba watu wa Pokoti Magharibi walikuwa wanakufa kwa kukosa chakula, wakati viongozi wakisema hakuna njaa. Kwa mtu aliye mbali hilo laweza kuonekana jambo dogo. Sisi tunaopanga mstari wa mgao tunajua si dogo. Ofisa akishaandika kwamba hakuna njaa, hakuna lori litakalokuja, na mama aliye kule hana mahali pa kupeleka neno lake. Muge alilipeleka. Alisema pia juu ya wakubwa waliojitwalia ardhi ya wanyonge. Asomaye habari za shamba la Nabothi katika 1 Wafalme sura ya 21 ataona kwamba kazi hiyo ni ya zamani, na kwamba Eliya hakuombwa na mtu wa ikulu aende kuifanya.

Kisha ukaja mlolongo. Vijana hawaujui, kwa hiyo tueleze. Mwaka 1986 chama cha KANU, ambacho kilikuwa chama pekee kilichoruhusiwa na sheria, kiliamua kwamba katika uchaguzi wa mchujo watu wasipige kura ya siri. Badala yake mwanachama asimame uwanjani, nyuma ya mgombea anayemtaka au mtu aliyeshika picha yake, na ofisa ahesabu vichwa. Aliyepata asilimia 70 alihesabiwa amepita moja kwa moja bila kura nyingine. Asiyekuwa na kadi ya chama hakuwa na nafasi katika mstari.

Fikirini maana yake kijijini. Chifu anakuona. Mwenye duka anayekukopesha unga anakuona. Mwajiri anakuona, na jirani ambaye mna kesi ya mpaka wa shamba anakuona pia. Mtu maskini anasimama nyuma ya yule anayemwogopa, siyo nyuma ya yule anayempenda. Mchungaji naye akisimama nyuma ya mmoja, Jumapili atawahubiri vipi wale waliosimama nyuma ya mwingine? Agosti 1986 wachungaji waliokutana chini ya Baraza la Makanisa walisema hawatapanga mstari. Kati ya maaskofu waliokataa kunyamaza walikuwamo Muge wa Eldoret, David Gitari wa Mlima Kenya Mashariki, na Henry Okullu wa Maseno Kusini kule Kisumu. Huyu Okullu aliwahi kufanya kazi hapa Uganda. Alihariri gazeti la kanisa Kampala lililoitwa New Day kabla ya kwenda Nairobi kuhariri Target, ndugu ya lile gazeti la Kiswahili la Lengo ambalo wazee wetu walilisoma.

Mwaka 1988 mlolongo ulifanyika kweli. Katika sehemu nyingi watu waliona kwa macho yao mstari mfupi ukitangazwa kuwa mrefu. Huo ulikuwa wizi wa mchana, na ubaya wake ni kwamba kila mtu uwanjani alijua, tena alijua kwamba jirani yake anajua, na wote wakarudi nyumbani kimya. Watu wakizoea kurudi kimya hivyo, hata haya inakwisha. Kwa maoni yetu hilo ndilo Muge aliloliogopa kuliko hata wizi wenyewe.

Mwaka 1990 ulikuwa mwaka wa moto nchini Kenya. Februari waziri wa mambo ya nje, Robert Ouko, aliuawa, na mwili wake ukapatikana karibu na nyumbani kwake Koru. Muge alikuwa mmoja wa waliodai ukweli usemwe. Julai Kenneth Matiba na Charles Rubia waliwekwa kizuizini kwa kudai vyama vingi, na tarehe 7 Julai, siku iliyokuja kuitwa Saba Saba, watu waliokwenda Kamukunji Nairobi walikutana na polisi. Watu waliuawa katika siku zile. Hofu ilienea hadi mikoani, na viongozi wa chama kila wilaya walishindana kuonyesha nani anampenda Rais Moi zaidi.

Busia haikukosa wake. Peter Okondo, waziri wa kazi, ambaye alitoka upande wa Bunyala katika wilaya hiyo, alitangaza mbele ya watu mwezi wa Agosti kwamba Muge na Okullu wasikanyage Busia. Wakikanyaga wataona moto, na huenda wasitoke wakiwa hai. Maneno hayo yaliandikwa magazetini. Hayakusemwa gizani na mlevi. Yalisemwa mchana na waziri wa serikali.

Hapa tusimame kidogo tuitazame Busia yenyewe. Ni mji mmoja wenye serikali mbili. Mtu ana shangazi upande wa Kenya na shamba upande wa Uganda, na wanaoishi Sofia wananunua sukari kwa shilingi ya nchi yoyote iliyo nafuu siku hiyo. Neno boda boda lilizaliwa kwenye mpaka huu, kutoka kwa vijana wa baiskeli waliobeba watu kati ya vituo viwili. Lakini katika miaka ile ilikuwa pia sehemu ya woga. Desemba 1987 majeshi ya Uganda na polisi wa Kenya walirushiana risasi hapo hapo, watu wakafa, na mpaka ukafungwa kwa muda. Mtu wa Busia aliyesema neno baya angeweza kuambiwa ni mpelelezi wa upande wa pili. Kuwatisha watu wa mahali pa namna hiyo ni rahisi.

Busia haikuwa hata katika dayosisi ya Muge. Angeweza kukaa Eldoret, akahubiri, akaandika barua, na hakuna mtu angemwita mwoga. Tena tuseme wazi, kwa sababu wengi wetu tumebeba aibu isiyo yetu: kukimbia si dhambi. Mtume Paulo alishushwa ukutani Dameski ndani ya kapu akatoroka usiku, Matendo sura ya 9. Paulo huyo huyo, katika sura ya 21, aliambiwa na nabii Agabo kwamba akienda Yerusalemu atafungwa, ndugu wakalia, na bado akaenda. Tororo nayo ina mfano wake. Februari 1977 askari wa Idi Amin walipekua nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum kule Namirembe na ya Askofu Yona Okoth wa Bukedi, Tororo, wakitafuta silaha. Maaskofu wakaandika barua ya pamoja ya kulalamika. Luwum aliuawa tarehe 16 mwezi huo. Okoth alikimbia, akarudi baada ya Amin kuanguka, na mwaka 1984 akawa Askofu Mkuu wa Uganda. Wote wawili walikuwa watumishi wa Mungu.

Muge aliamua kwenda. Alijibu hadharani kwamba atakwenda, na Jumanne tarehe 14 Agosti 1990 akafunga safari ya zaidi ya kilomita 100 kutoka Eldoret hadi Busia.

Mara nyingi habari hii husimuliwa kana kwamba askofu alikuwa peke yake siku hiyo. Hakuwa. Watu wa Busia walitoka. Walikusanyika kumpokea, wakamshangilia na kuimba, akasema nao kanisani. Hao ndio tunaotaka msomaji awaone. Askofu angelala Eldoret usiku ule kama Mungu angependa. Wao walikuwa wanalala Busia, chini ya chifu yule yule, katika wilaya ya waziri yule yule. Kila aliyefika pale alionekana, kama alivyoonekana kwenye mlolongo, ila mara hii alikuwa amesimama mahali alipochagua mwenyewe. Waziri alikuwa amesema mji huu hautamtaka askofu. Mji ukajibu, na jibu lake lilikuwa ni kuja tu, na kuimba.

Hiyo ndiyo faida ya jambo kama hili linapofanywa mahali watu wanapoishi. Maandamano ya Nairobi huonekana ulimwenguni, lakini aliye Nairobi anaweza kujificha katika wengi. Ya mji mdogo hayana mahali pa kujificha, na kwa hiyo yanabadilisha kitu ambacho amri haiwezi kukirudisha: kila mtu anajua sasa kwamba jirani yake naye hakuridhika. Mwaka 1988 walijua hivyo na wakarudi kimya. Agosti 1990 walijua hivyo na wakaimba.

Muge hakufika nyumbani. Akiwa njiani kurudi, karibu na Kipkaren kwenye barabara ya kwenda Eldoret, gari lake liligongana na lori la maziwa, naye akafa.

Nchi ilipigwa na bumbuazi. Mtu ametishiwa kifo na waziri iwapo atakwenda Busia, amekwenda, na siku hiyo hiyo amekufa. Okondo alijiuzulu uwaziri siku chache baadaye. Dereva wa lori alishtakiwa, akafungwa, na akafia gerezani. Mahakama iliona ajali ya barabarani. Wakenya wengi hawakukubali siku ile na hawakubali hadi leo. Miaka zaidi ya 20 baadaye, mbele ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ofisa mmoja wa zamani wa usalama alitoa ushahidi kwamba ilikuwa njama ya kumuua. Hakuna aliyehukumiwa kwa njama hiyo. Sisi hatuna cha kuongeza juu ya hapo, na mwandishi asiyekuwapo asijifanye hakimu.

Je, ilifaa? Aliacha mjane na watoto, na swali hili likiulizwa mbele yao halina jibu jepesi. Tuseme tu yaliyofuata. Mwaka huo kamati ya KANU chini ya makamu wa rais, George Saitoti, ilikuwa inazunguka kusikiliza maoni ya wananchi, na watu walisema mambo ambayo miaka miwili nyuma wasingethubutu kuyanong'ona. Desemba 1990, miezi minne baada ya safari ya Busia, wajumbe wa chama waliuondoa mlolongo. Desemba 1991 sheria ya chama kimoja ikafutwa, na mwaka 1992 Wakenya wakapiga kura ya vyama vingi, tena ya siri. Hayo hayakuletwa na mtu mmoja wala siku moja. Lakini asiseme mtu kwamba yaliletwa na waliokaa kimya.

Upande wa pili nao usemwe. Oktoba 1991 mapigano ya kikabila yalianza katika shamba la Miteitei, Nandi, nyumbani kwao Muge, mwaka mmoja tu baada ya kifo chake, yakaenea Bonde la Ufa. Na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 tulipata yale tunayoyajua. Tume ya Jaji Kriegler ilisema baadaye kwamba hesabu za kura ziliharibika kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa likiwa na watu ndani, wengi wakiwa wanawake na watoto. Watu wakakimbilia Busia na Malaba, wakapokewa upande wa Uganda, wakawekwa Mulanda katika wilaya ya Tororo, na baadaye wengi wakahamishiwa Kiryandongo. Ndiyo maana mama mmoja akisikia neno maandamano anashika watoto wake. Hatumlaumu.

Ila tumsaidie kutenganisha vitu viwili vilivyofungwa katika kitambaa kimoja. Waliofunga barabara na kuuliza watu kabila kabla ya kuwapitisha hawakuwa wanapinga uovu wa serikali. Walikuwa wanamwadhibu jirani kwa kosa la wakubwa. Umati wa Busia mwaka 1990 haukumuuliza Muge kabila lake. Wengi wao walikuwa Waluhya na Wateso, yeye alikuwa Mnandi, kabila la jamaa ya Rais aliyekuwa akipingwa, na walimwimbia. Mkitaka kujua kama mkutano ni wa haki au ni wa kundi la fujo, angalieni hapo kwanza: anayelengwa ni mwenye mamlaka aliyekosa, au ni maskini mwenzako aliyezaliwa na jina tofauti?

Kuhusu sisi wakimbizi, vijana wasikilize kwa makini ili wasijiletee taabu. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamkataza mkimbizi kushiriki siasa za nchi hii, ziwe za taifa au za mahali. Tumepewa ardhi na usalama, na sharti hilo tunaliheshimu. Mikutano ya vyama mjini si yetu. Lakini mkutano wa mtaa na viongozi wetu wa RWC ni wetu. Kulalamika kwamba majina yamerukwa kwenye orodha ya mgao, au kwamba kisima kimeharibika kwa miezi na hakuna anayekuja, ni mambo yetu. Muge alianza na njaa ya Pokoti, siyo na urais. Barua iliyoandikwa na watu wa kata nzima, wa makabila yote, yenye majina kamili, ikapelekwa mchana ofisini kwa kamandanti, haivunji sheria yoyote. Nasi tumeona mara kadhaa kwamba inaogopesha kuiandika kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kila mmoja anataka jina lake liwe la mwisho.

Na siku moja wengine watarudi. Watakuwa tena na kura, na chifu, na jirani.

Kwa maombi ya mwezi huu tukumbuke familia ya Askofu Muge, familia ya dereva aliyekufa gerezani, ndugu waliobaki Busia pande zote mbili za mpaka, na wote waliopoteza wapendwa wao Kiambaa. Vikundi vya nyumba kwa nyumba vinaweza kusoma Matendo sura ya 9 na ya 21 kwa pamoja na kuzungumza ni lini kapu na ni lini Yerusalemu.